Shaba Inayorudi Masikioni: Ujenzi wa Amplifaya za Nyumbani Lubumbashi

Kujijengea amplifaya, yaani chombo kinachopokea mkondo dhaifu wa umeme uliobeba sauti na kuupa nguvu ya kutikisa spika au hedifoni, ni uraibu unaojulikana sana katika miji ya Ulaya, Marekani na Japani, ambako watu wenye ajira nyingine kabisa hutumia mapumziko yao kulehemu vipande vidogo vya elektroniki kwa ajili ya furaha ya kusikiliza muziki kupitia kazi ya mikono yao. Mjini Lubumbashi, makao makuu ya Haut-Katanga, ufundi huo unastahili kutazamwa kwa namna ya pekee, kwa sababu malighafi zinazouwezesha, kuanzia waya wa koili hadi bati lililomo ndani ya lehemu, zimekuwa zikichimbwa katika ardhi ya Katanga kwa muda mrefu na kusafirishwa mbali, kisha kurudi zikiwa zimefungwa ndani ya maboksi ambayo mnunuzi hajui kilichomo. Anayejijengea amplifaya hulifungua boksi hilo, na thamani ya kazi yake imo zaidi katika kulifungua huko kuliko katika ubora wa sauti anayoipata, ingawa sauti nayo mara nyingi huwa nzuri kupita matarajio.

Mji huu na hedifoni ni wa rika moja. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mvumbuzi wa jimbo la Utah nchini Marekani, alikuwa akitengeneza hedifoni kwa mkono jikoni mwake na kuziuza kwa Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Mwaka huohuo reli iliyotoka kusini ilifika mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wakiujenga mji mpya wa Élisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Mwaka uliofuata, tanuri la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, likatoa shaba yake ya kwanza. Dunia ilikuwa ikiingia katika zama za simu na redio, zama zenye njaa kubwa ya waya, na Katanga ikawa miongoni mwa ghala zilizoilisha njaa hiyo.

Uhusiano huo hauishii kwenye waya. Katika hedifoni za kawaida, sauti hutolewa na utando mwembamba ulioshikamana na koili ndogo, nayo koili huning'inia katika uwazi ulio ndani ya sumaku, hivi kwamba mkondo wa umeme unapopita katika waya, koili husukumwa na kuvutwa kwa kufuata mawimbi ya muziki, utando ukatikisa hewa, na mtikisiko huo ukalifikia sikio. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 sumaku zilizosifiwa zaidi katika spika bora zilikuwa za alniko, aloi ya chuma iliyochanganywa na alumini, nikeli na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, hasa katika mkoa wa Katanga ambao nao katika miaka hiyo uliitwa Shaba. Mwezi Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, waliokuwa na makao yao Angola, waliuteka mji wa migodi wa Kolwezi, wafanyakazi wa kigeni wakakimbia, na bei ya kobalti katika soko la dunia ikapanda mara kadhaa. Makampuni makubwa ya spika, ikiwamo JBL ya Marekani, yalilazimika kuiacha alniko na kusanifu upya spika zao kwa sumaku za feriti, ambazo ni sumaku za kauri zilizotengenezwa kwa oksidi ya chuma pamoja na bariamu au strontiamu. Wapenzi wa spika za kale wanaolipa fedha nyingi leo ili kupata spika ya alniko wanalipia, wengi wao pasipo kujua, tukio lililotokea kilomita zipatazo 300 kutoka Lubumbashi. Tukio hilo lingefaa kusimuliwa katika kila darasa la elektroniki la mji huu, kwa maana linamwonyesha mwanafunzi kwamba kifaa kilicho mkononi mwake kiliwahi kubadilishwa umbo, katika viwanda vya mbali, na jambo lililotokea nyumbani kwao.

Orodha inaendelea. Lehemu ya kawaida ya elektroniki, ile yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 ambayo huyeyuka katika nyuzijoto 183, inahitaji bati, na bati lilichimbwa kwa wingi Manono, kaskazini mwa Katanga ya zamani. Kapasita ndogo za tantali, zinazohifadhi chaji ya umeme ndani ya simu, hutegemea madini yanayotoka mashariki mwa Kongo. Nayo kobalti, baada ya kupungua katika sumaku, imehamia katika betri za lithiamu.

Katika komini za Lubumbashi zinazoitwa Kenya, Katuba na Kamalondo, kama katika miji mingi ya Afrika, kuna mafundi wa redio na televisheni ambao kazi yao ya kila siku ni kurudisha uhai katika vyombo vilivyokufa, na ambao hawautengi ufundi wa riziki na ufundi wa mapenzi kwa namna unavyotengwa Ulaya. Fundi aliyekwisha kurekebisha ampli ya kanisa asubuhi anaweza kutumia vipande vilivyobaki jioni kujitengenezea chombo chake mwenyewe, na kijana anayejifunza chini yake huanza kwa kufumua mbao za saketi kutoka katika redio za kaseti, televisheni za kioo kinene na redio za magari, akizitenga rezista, ambazo ni vipande vinavyozuia mkondo kwa kiasi maalumu, kapasita, na transista, ambazo ndizo zinazokuza mawimbi yenyewe. Ndani ya redio za kaseti za zamani hupatikana saketi unganishi kama TDA2822, kipande kimoja cheusi chenye miguu minane au zaidi kilichobuniwa kwa ajili ya redio na vichezeo vidogo vya betri, ambacho hufanya kazi kuanzia volti chache tu na kinaweza kuendesha hedifoni za masikio yote mawili bila msaada mkubwa. Ndani ya amplifaya kubwa zilizoungua, transista za aina ya 2N3055 mara nyingine huwa zimenusurika. Kipande cha namna hiyo, kilichotolewa katika chombo kilichofanya kazi kwa miaka 20, huaminika kuliko kipande kipya kisichojulikana kilikotoka, kwa sababu soko la dunia limejaa transista bandia zenye maandishi ya kampuni mashuhuri na moyo dhaifu ndani yake. Mafundi wanaopendelea vipande vya zamani hawafanyi hivyo kwa ajili ya umaskini peke yake. Wanatumia hukumu sahihi ya kiufundi.

Mfano mkubwa kuliko yote wa ufundi huu nchini Kongo haukutokea Lubumbashi, bali Kinshasa, na hauwezi kuachwa katika makala ya aina hii. Katika miaka ya 1960, Mingiedi Mawangu, mpiga likembe wa jamii ya Wazombo, aliona kwamba sauti ndogo ya ala yake, ile inayotolewa na vibanzi vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ilimezwa na kelele za jiji. Yeye na wenzake wa kundi la Konono N°1 walijitengenezea maikrofoni kwa mbao na sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari, wakaunganisha amplifaya zao na spika za pembe za enzi za ukoloni, na mikwaruzo iliyozaliwa na vyombo hivyo, ambayo mhandisi wa kawaida angeiita kasoro, wakaifanya kuwa sehemu ya muziki. Albamu yao Congotronics ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, chini ya usimamizi wa Vincent Kenis, na mwaka 2006 kundi likapata tuzo ya muziki wa dunia ya BBC Radio 3. Mawangu alifariki mwaka 2015. Alichothibitisha ni kwamba chombo cha sauti kilichojengwa nyumbani kinaweza kuwa na tabia yake, na kwamba tabia hiyo inaweza kutambuliwa hata na msikilizaji aliye mbali kabisa na mtaa kilikojengwa.

Amplifaya ya hedifoni hufuata nia iliyo kinyume na ile ya Konono, kwa kuwa hutaka kuongeza nguvu bila kuongeza kitu kingine chochote. Ili kuelewa kazi yake ni lazima kwanza kuielewa impedansi, yaani kiwango ambacho hedifoni huuzuia mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo kwenda na kurudi, nacho hupimwa kwa omu. Hedifoni nyingi za simu zina omu 16 au 32, ilhali hedifoni za studio zinaweza kuwa na omu 300, kama Sennheiser HD 600, au hata omu 600. Volti 1 ikipelekwa katika hedifoni ya omu 32 hutoa miliwati 31, lakini volti hiyohiyo katika hedifoni ya omu 300 hutoa miliwati 3 na kidogo tu. Maana yake ni kwamba hedifoni ya omu nyingi huhitaji volti kubwa zaidi, ilhali ile ya omu chache huhitaji mkondo mwingi zaidi, na simu ya bei nafuu mara nyingi hushindwa kutoa kimoja au kingine. Ndiyo sababu hedifoni nzuri iliyochomekwa moja kwa moja katika simu inaweza kusikika dhaifu na isiyo na besi, na mwenye nayo akailaumu bure.

Usanifu uliowafundisha wajenzi wengi zaidi duniani ni ule uliochapishwa mwaka 1998 na Chu Moy wa Marekani, ambao ni mdogo kiasi cha kuingia katika kopo la peremende. Kiini chake ni amplifaya ya operesheni, saketi unganishi inayolinganisha mawimbi mawili na kukuza tofauti iliyo kati yake. Betri ya volti 9 hugawanywa katikati kwa rezista mbili zilizo sawa, ili saketi ipate volti 4.5 juu na volti 4.5 chini ya kile kinachoitwa ardhi ya bandia, kwa vile muziki ni mawimbi yanayopanda na kushuka na huhitaji nafasi pande zote mbili. Kapasita ya maikrofaradi 0.1 na rezista ya omu 100,000 zilizowekwa mlangoni huzuia mkondo mnyoofu, ule unaokwenda upande mmoja tu, usipite na kuruhusu sauti zote zilizo juu ya hezi 16 hivi, karibu na kikomo cha chini cha sikio la binadamu. Kisha rezista mbili nyingine, moja ya omu 10,000 na nyingine ya omu 1,000, huamua kwamba mawimbi yatakuzwa mara 11, wala si zaidi wala pungufu.

Jambo hili la mwisho linastahili kufikiriwa kidogo, kwa maana ndilo linaloitenganisha elektroniki ya kisasa na ubahatishaji. Transista hutofautiana, na hata zilizotoka katika kiwanda kimoja siku moja hazikuzi kwa kiasi kimoja, tena joto likizidi hubadilika. Harold Black, mhandisi kijana wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, alipata suluhisho la tatizo la aina hii mwaka 1927, kabla ya transista kuwapo, akiwa katika kivuko akielekea kazini New York, naye alilichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo: sehemu ya mawimbi yanayotoka irudishwe mlangoni ikiwa imegeuzwa, ili chombo kijisahihishe chenyewe. Kwa mrejesho hasi, kama njia hiyo inavyoitwa, ukuzaji hautegemei tena tabia ya transista, bali uwiano wa rezista mbili, na rezista ni kitu ambacho hata fundi wa mtaani anaweza kukipima kwa mita ndogo na kukiamini. Kwa hiyo kijana wa Katuba anayetumia vipande vilivyookotwa anaweza kupata ukuzaji uleule anaoupata mjenzi wa Tokyo mwenye vipande vipya, mradi rezista zake ziwe zimepimwa.

Ugumu wa kweli mjini Lubumbashi uko katika umeme. Mwaka 1982 ulikamilika mradi wa Inga–Shaba, njia ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 iliyotoka bwawa la Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, ambayo husafirisha umeme kwa mkondo mnyoofu, kwa sababu katika umbali mkubwa namna hiyo mkondo mnyoofu hupoteza nguvu kidogo kuliko mkondo geu. Huko Kolwezi umeme huo hugeuzwa kuwa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara 50 kwa sekunde kwenda na kurudi, na hivyo ndivyo umeme ufikavyo nyumbani kwa volti 220. Fundi wa amplifaya hulazimika kuurudisha tena katika mkondo mnyoofu kwa transfoma inayopunguza volti na dayodi nne zinazouelekeza upande mmoja, na kazi hiyo isipofanywa vizuri, mvumo mzito wa hezi 100 husikika nyuma ya wimbo wote. Katika spika kubwa mvumo huo unaweza kuvumilika. Katika hedifoni, ambazo ziko sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio, hauvumiliki hata kidogo. Zaidi ya hayo umeme hukatika mara kwa mara, na volti hupanda na kushuka kwa namna inayoua vyombo.

Kwa sababu hiyo betri, ambayo kwingineko ni suala la urahisi wa kubeba, mjini Lubumbashi ni chaguo la busara. Betri haina mvumo, haikatiki ovyo, na haiwezi kumrusha mjenzi asiye na uzoefu. Seli tatu za lithiamu zilizotolewa katika kompyuta ndogo iliyoharibika na kuunganishwa mfululizo hutoa volti 11 hivi, kiasi kinachotosha kabisa kwa hedifoni za aina nyingi, ingawa ni lazima zilindwe kwa saketi maalumu ya kuzuia chaji kupita kiasi, kwa maana seli ya lithiamu iliyotendewa vibaya hushika moto. Wazo la kuwapa watu sauti kwa betri si geni katika ukanda huu wa shaba. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin wa idara ya habari ya Lusaka alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya betri iliyowekwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini na kuuzwa kwa pauni 5, ili wananchi wa kawaida waweze kusikiliza matangazo ya lugha zao, Kibemba kikiwamo, lugha inayozungumzwa pia kusini mwa Haut-Katanga.

Huenda msomaji akauliza kama juhudi yote hii inalipa. Jibu lake limo katika muziki wa mkoa wenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodia, alimrekodi huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, mpiga gitaa kijana aliyezaliwa mwaka 1930, Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, akipiga wimbo wake Masanga. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika besi na shahada ikifuma sauti ya juu, kila kimoja kwa mwendo wake, kiasi kwamba mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji huo katika jarida la African Music. Katika spika ya simu besi ya gumba hupotea kabisa, na gitaa lililokuwa la watu wawili katika mikono miwili hubaki la mmoja. Katika hedifoni zinazoendeshwa vizuri sauti zote mbili hurejea, pamoja na mguso wa ukucha juu ya waya, na msikilizaji hutambua kwa nini wapiga gitaa wa Kenya, Uganda na Zambia waliiga mtindo huo kwa miaka mingi. Urithi huo ni wa Katanga, nao haujasikiwa kikamilifu na vijana wengi wa Katanga yenyewe.

Lubumbashi haikosi mazingira ya kuulea ufundi huu. Msanii Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1974 na kusomea ufundi umeme, amejulikana nje na ndani ya nchi kwa mashine anazozijenga kwa kadibodi, nyaya na vipande vya elektroniki vilivyotupwa, na kazi zake zinaonyesha kwamba umeme unaweza kuwa lugha ya fikra na si huduma ya kulipiwa tu. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mjini mwaka 1911, wana shule za ufundi, ikiwamo Taasisi ya Ufundi Salama, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uhandisi. Shule hizo zingefanya vyema kumwagiza kila mwanafunzi wa elektroniki ajenge amplifaya ya hedifoni kabla ya kuhitimu, kwa sababu kazi hiyo, iliyo ndogo na isiyo ghali, inakusanya ndani yake sheria ya Ohm, mrejesho hasi, usafishaji wa umeme na kipimo kikali kuliko mtihani wa karatasi, nacho ni sikio la mjenzi mwenyewe.

Anayetaka kuanza nyumbani hahitaji kungoja shule. Atafute redio ya kaseti iliyokufa, mita ya kupimia, pasi ya kulehemu ya wati 30 hivi na kopo tupu la maziwa ya unga, ambalo bati lake, likiunganishwa na ardhi ya saketi, huzuia kelele za umeme wa nyumbani zisiingie. Akimaliza kujenga, asichomeke kwanza hedifoni anazozipenda: apime volti ya mkondo mnyoofu mahali pa kutokea sauti pasipo muziki wowote, na ikizidi milivolti 20 airudie kazi, kwa maana mkondo mnyoofu ukiwa mwingi unaweza kuharibu koili. Kisha ajaribu kwa hedifoni za bei rahisi, akianza na sauti ya chini kabisa, na akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwamba katika desibeli 90 muda huo hupungua hadi saa 4 tu.